Siku Tulipopelekwa Kukatwa Mafindofindo

Enzi za Mjerumani, mimi na mdogo wangu wa kike tuliugua koo kila masika. Mafindofindo yalivimba hata kumeza mate kukawa kazi, na mama alikuwa akija kitandani alfajiri kusikiliza kama tunapumua. Hakuwa na woga wa bure. Kaka yetu alikufa kwa koo hilohilo kabla mimi sijapata akili.

Kwetu ni mlimani, juu ya Bigwa. Mjomba, kaka yake mama, alikuwa kibarua wa reli mjini Morogoro, na kwetu Waluguru neno la mjomba juu ya watoto ni zito. Siku moja alipanda akamwambia mama, "Dada, yuko bwana mganga wa Kijerumani anayakata. Ukingoja utazika mwingine."

"Na wakinifia mikononi mwake, kaka?"

"Nimewaona waliopona."

Sisi tuliambiwa tunakwenda kuona gari la moshi. Mdogo wangu aliteremka mlima akiimba.

Mimi nilitangulia kuingia kwa bwana mganga, ndiyo maana sikuogopa. Msaidizi, mtu wa pwani, alinipakata, akanizungushia shuka mikono ikiwa ndani, akaniambia nifumbue kinywa kama napiga mwayo. Nikafumbua. Nakumbuka chuma baridi juu ya ulimi, kisha mlio kama wa muwa unaokatwa, nao ulitokea ndani ya kichwa changu. Maumivu yalikuja baadaye kidogo, yakapanda hadi masikioni. Nilipotolewa, damu ikinitiririka kidevuni, mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni akinitazama.

Aling'ang'ania mlango. "Mama, nimepona! Tazama, nameza!" Akawa anameza mate, anameza tena, ili mama aone. Mama alimbandua vidole kimoja kimoja, akaingia naye, akamshika kichwa mwenyewe.

Tulikaa kwa mjomba mpaka tukaweza kunywa uji uliopoa, ndipo tukarudi nyumbani. Tukiwa tunapanda mlima, mdogo wangu akaanza kutema damu. Mama akamfunga mgongoni, akageuka kurudi mjini, akiteremka karibu ya kukimbia, nami nyuma nimeshika ncha ya kaniki yake. Nilikuwa naona miguu ya mdogo wangu ikining'inia. Kabla hatujafika nyumba za kwanza za Bigwa, mama alisimama. Hakugeuza shingo.

"Anapumua?" aliniuliza.

Nikasema sijui. Akakaa chini palepale njiani, mtoto akiwa bado mgongoni.

Mjomba ndiye aliyeleta sanda. Baada ya mazishi alikaa peke yake upenuni, watu wakimpita bila salamu, wengine wakisema maneno ili ayasikie. Mama alimpelekea chakula.

"Kula, kaka."

"Dada, ni mimi niliyewapeleka."

"Tuliwapeleka sote. Tuliogopa sote. Kula."

Alimega tonge, akabaki nalo mkononi. Mama akakaa kando yake mpaka ugali ukapoa.

Ndani wanawake walikuwa wanalia kwa sauti. Nami nilifumbua kinywa nilie nao, kidonda kikawaka moto, nikafumba. Bibi aliniona, akanivuta kifuani pake.

"Lia, mjukuu wangu. Usiweke moyoni. Lia."

Nilitikisa kichwa. Sikuweza hata kumwambia kwa nini.