Nati ya Gurudumu la Mbele Kushoto

Siku yangu ya kwanza gerejini, Nakuru, sikushika injini. Mwenye gereji, Singasinga mrefu ambaye sote tulimwita Mkubwa, alinipa karai la mafuta ya taa lililojaa bolti chafu nizioshe mpaka jioni. Nilipomaliza alichagua moja, akaitazama, akairudisha karaini. Haikuwa safi. Nilienda nyumbani nimenuna, na kesho yake nikarudi.

Ninyi mnaosomea umakanika siku hizi mnachomeka kompyuta, nayo inawaambia gari linaumwa wapi. Sisi tulikuwa na masikio yetu na Mkubwa. Sheria yake ilikuwa moja: hakuna gari lililotoka getini kabla hajalizunguka na spana, akijaribu nati moja baada ya nyingine. Na kila mara, nasema kila mara, alipata moja iliyolegea. Hapo aliuliza mbele ya mteja, "Fundi, hii nini?" Nilipanda kutoka mwosha bolti hadi foromani, na bado kila gari langu lilikuwa na nati yake iliyolegea. Iliniuma sana. Niliapa kwamba kabla hatujaachana, gari langu moja lazima lipite.

Nilistaafu mwanzoni mwa 2007 bila gari hilo kupatikana. Miezi michache baadaye Mkubwa naye akauza gereji ili amfuate bintiye ng'ambo. Huko nyuma ya gereji lilikuwa limelala gari lake la kifahari la Kiingereza, lile la kupanda milima huku umekaa kwenye viti vya ngozi. Paka walikuwa wamezaa ndani yake. Akanipa, akasema atakuja kulikagua Jumamosi ya mwisho kabla ya kusafiri. Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yangu ya mwisho. Nililivuta kwa trekta ya jirani hadi kwangu Njoro.

"Baba Njeri," mke wangu akaniuliza, "umestaafu ama umehamisha gereji?"

Bodi ya gari hilo ni ya aluminiamu, haishiki kutu. Lakini chesis, yaani mifupa ya chuma inayobeba kila kitu, ilikuwa imeliwa mpaka kidole kinapenya. Nilikata palipooza nikachomelea chuma kipya. Injini ya silinda nane niliifungulia kwenye banda la ng'ombe, na ng'ombe akakamuliwa nje. Kabureta, zile zinazochanganya petroli na hewa, nilizisugua kwa mswaki. Msiniulize mswaki ulikuwa wa nani.

Breki zilitaka watu wawili: mmoja akanyage pedali, mwingine alale chini na kufungua kijinati ili hewa itoke kwenye mafuta. Mama Njeri ndiye aliyekanyaga. Nikisema shikilia, alishikilia. Alikuwa bora kuliko wanagenzi wote niliowafundisha, na nilimwambia hivyo. Kanisani akawa haongei kingine ila breki.

Kisha majivuno yakaniponza. Rimu zilikuwa zimechakaa, nikazipaka rangi ya fedha mara tatu, hadi ndani ya matundu ya bolti. Nikafunga magurudumu, nikaenda Njoro mjini na kurudi, watu wakigeuza shingo. Asubuhi ya Jumamosi nilipitia nati zote mara mbili: injini, chesis, springi. Za magurudumu sikuzigusa. Sikutaka kukwaruza rangi.

Mkubwa alifika na spana yake mfukoni. Nilimfuata nyuma jasho likinitoka. Alimaliza injini, hakuna iliyolegea. Akaingia chini ya gari na uzee wake wote, akatoka, hakuna. Mama Njeri alishaanza kumimina chai. Ndipo Mkubwa akaweka spana kwenye gurudumu la mbele kushoto, na nati ikazunguka bila ubishi.

"Fundi, hii nini?"

Nilitamani ardhi inimeze. Rangi iliyo chini ya nati husagika gari likitembea, nati ikabaki imelegea. Somo hilo nilikuwa nikiwafundisha wengine. Nikachukua spana, nikakaza moja baada ya nyingine, nikaikwaruza fedha yangu.

Mkubwa alicheka mpaka akaegemea boneti.

"Sasa nikuambie, kwa sababu naenda," akasema. "Zile za gereji nilikuwa nalegeza mwenyewe, wewe ukiangalia kando. Fundi akijua haachi kitu, anaanza kulala. Lakini hii sijagusa. Hii ni yako kabisa."

"Zote ulilegeza wewe?"

"Zote."

Miaka yote ile magari yangu yalikuwa yakipita, nami nikaambiwa siku niliyoanguka. Nilicheka hadi machozi, na si machozi yote yalikuwa ya kicheko. Tangu nistaafu watu huniuliza kazi ile ilinipa nini. Mimi huwasimulia asubuhi hiyo tu.

Nilimfungulia mlango wa dereva. Akaupita, akazunguka, akaketi upande wa abiria, akasema twende Kabazi, ng'ambo ya Nakuru, tukalione likipanda milima. Kabla ya kuingia Nakuru nilisimama kando ya barabara nikakaza upya nati zote ishirini za magurudumu. Mkubwa alibaki ndani akila mandazi ya Mama Njeri. Hakushuka kuangalia.