Kipande cha Baba

Juzi mjukuu wangu alivuta droo akitafuta kibiriti, na harufu ya kutu ikanirudisha Changamwe, alasiri ile mwenzake baba wa kazini bandarini alipobisha hodi. Alimpa mama kipande cha baba, kile kitambulisho cha enzi ya mkoloni, ndani ya kikebe cha bati ambacho baba alikuwa akikivaa shingoni.

"Pole, shemeji. Hiki ndicho nilichoweza kukuletea."

Mama alikitia kwenye droo, kisha akaketi sakafuni akilia.

Mimi nilifurahi. Kwa akili yangu ya miaka sita, mwanamume hatembei bila kipande, maana polisi watamkamata.

"Usilie, mama. Baba hajaenda mbali."

Nikasimama kando ya droo ili akirudi nimpe upesi. Wanawake wa jirani walipoingia wakilia, niliwaomba wasizibe mlango.