Pumzi ya Mzee Kwenye Filimbi

Baba yake alipokuwa mgonjwa, mwalimu wa kwaya alimrekodi mzee akipuliza filimbi noti moja moja, akaziingiza kwenye programu ya kuandikia muziki. Kwa uvivu wake hakuikata pumzi iliyotangulia kila noti. Noti ya chini kabisa hawakuiwahi, mzee akafariki.

Leo wimbo ukaidai noti hiyohiyo. Kompyuta ikachukua noti iliyo jirani nayo, ikaishusha, na pumzi nayo ikashuka, ikarefuka, ikakoroma kama ya mzee siku yake ya mwisho. Mwalimu akaizima haraka.

Mama yake akaita kutoka jikoni, "Mwanangu, mbona baba yako amenyamaza? Hebu mpelekee maji."