Njia Mbili za Kyungu na Kabange

Mwaka ule bei ya shaba ilipoanguka na migodi ikafungwa, kampuni yetu ya malori ilibaki na njia nne tu za simu, na mama wa simu alizilinda kama kuku na vifaranga. Sauti pana, ile safi inayokuletea hata pumzi ya mtu, hula njia mbili kwa mpigo, kwa hiyo alitunyima sote huku akiimba wimbo wa kanisa, kidole chake kinene kikicheza juu ya vitufe. "Muntu mumoja, njia moja," alimwambia hata patron, bosi wetu, kwa sauti tamu mpaka ukashukuru kunyimwa.

Asubuhi moja Dorcelle akaingia na mapasa wake wawili wachanga, Kyungu na Kabange, ili baba yao, dereva wetu aliyekwama mpakani Mokambo, awasikie. Mama wa simu akavua hereni, akanusa vile vichwa viwili, akafungua sauti pana. Watoto wakalia. Kule Mokambo mwanamume akacheka hadi akakohoa, nasi tukasikia kila pumzi yake.

"Mama, sheria yako iko wapi?" patron akauliza, akingoja zamu.

"Iko palepale, patron. Hesabu batoto."