Wafanyakazi wangu wasioonekana

Jamani, leo asubuhi nimejitangaza mchawi kwa mdomo wangu mwenyewe. Sumbawanga hii hii inayosifika kwa uchawi!

Mnajua naanza kulima uyoga hapa Izia. Nyuma ya nyumba nina lundo la majani ya ngano na mbolea ya kuku, naliozesha liwe mboji.

Na baridi ya leo mmeiona. Nimeligeuza lundo kwa koleo, mvuke ukapanda kama wa sufuria ya maharage.

Jirani yangu Mama Neema akachungulia uani.

"Mwanangu, moto uko wapi?"

"Shikamoo mama. Hakuna moto."

"Sasa nani anachemsha?"

Hapo ningenyamaza. Lakini si nimetoka semina ya uyoga? Nikajibu kwa madaha:

"Humo kuna viumbe wadogo, maelfu. Huwaoni kwa macho. Wananifanyia kazi usiku na mchana, silipi mtu. Nawalisha pumba tu."

Akarudi nyuma hatua moja.

Pumba, jamani! Mji mzima unajua anayelishwa pumba na kufanya kazi bure bila kuonekana ni nani.

Msukule wa mchawi!

Mama akaondoka bila kuaga. Akarudi na balozi wetu wa nyumba kumi. Nikajua leo nahama mji. Naeleza bakteria, naonyesha cheti cha semina, wapi! Balozi kaingiza mkono kwenye lundo, kautoa mbio, anaupuliza.

Ndipo Mama Neema akanivuta pembeni, akaninong'oneza:

"Mwanangu, mimi sina neno. Niazime wawili tu, wanipalilie maharage."

Sasa nimjibuje?