Mluzi wa Turia

Turia alizaliwa kisiwani kwetu, katika visiwa vya Tuamotu huko Pasifiki, mwaka ambao kimbunga kiling'oa paa la kanisa. Kwa miaka thelathini alipiga mbizi kutafuta chaza wa lulu kwa pumzi yake tu, na mimi nilikaa juu ya mtumbwi nimeshika kamba yake. Akiibuka, kabla ya neno lolote, alitoa hewa kwa mluzi mrefu, mwembamba, nami nikamjibu kwa mluzi. Ndivyo tulivyojua kwamba mtu amerudi. Siku hizi vijana wanafuga chaza kwenye nyavu, wanashuka na mitungi mgongoni, na wangeusikia mluzi ule wangedhani mtu anaita mbwa.

Mara moja tu sikuusikia. Maro, kaka yake Turia, alishuka asubuhi yenye maji maangavu. Kamba nikaivuta nyepesi. Hatukumpata, na Turia hakupiga mbizi tena.

Hospitali ya mji mkuu, Papeete, ilipotaka kumpasua Turia tumbo, kifuko cha nyongo kimejaa mawe, nilisafiri naye. Hakuwa na mtu mwingine. Mtaalamu wa mazoezi ya kupumua alikuwa msichana aitwaye Vaihere.

"Bibi, baada ya upasuaji maumivu yatakufanya upumue juu juu," alisema. "Mapafu yatajikunja huku chini, makohozi yatakaa humo, mwisho ni nimonia. Kwa hiyo vuta hewa kwa pua mpaka mbavu zifunguke, shika mpaka tatu, toa polepole kwa midomo uliyoibana. Mara kumi kila saa. Kisha ukumbatie mto tumboni, ukohoe."

"Mpaka tatu!" Turia akacheka. "Mjukuu wangu, kwa tatu hata nywele hazijalowa."

"Haya si mashindano, Bibi."

"Wanaojua watashindwa husema hivyo hivyo."

Siku ya pili baada ya kupasuliwa, mchana, alianza. Akavuta hewa kidogo, uso umekunjamana kwa mshono. Nikahesabu mpaka tatu. Nikahesabu mpaka arobaini. Kifua hakikusogea, na maumivu yakatoka usoni mwake kama yamefutwa kwa kitambaa. Chini ya shuka vidole vya miguu vilipiga taratibu, kama anashuka majini. Chumba, kilichonuka dawa tangu asubuhi, kikanuka chaza waliofunguliwa juani.

Alipotoa hewa, haikuwa na sauti.

"Maro yupo," alininong'oneza. "Nimeuona mkono wake. Huku chini hakuumi kabisa. Saa ijayo nitafika."

Saa iliyofuata alishika zaidi. Midomo ikageuka rangi ya jiwe lililolowa. Vaihere akasoma kipimo cha oksijeni cha kidoleni, akanivuta pembeni.

"Babu, huyu hapumui, anazuia pumzi. Homa imeshaanza. Akiendelea hivi tutampoteza. Ongea naye."

"Aliye chini hasikii maneno, binti. Hilo hamkufundishwa."

Turia alikuwa ameshashuka tena, macho yamefumbwa, ncha ya shuka imezungushwa mkononi mwake. Nikaishika ncha nyingine. Ilikuwa imekaza, nzito, kana kwamba kitu kinaivuta kutoka upande wa pili. Midomo yangu ilikuwa mikavu. Sikuwa nimepiga mluzi ule tangu siku ya Maro. Nikaupiga.

Shuka ikalegea. Kifua cha Turia kikapanda, na kwenye midomo iliyobanwa ukatoka mluzi mrefu, mwembamba, mpaka hewa ikaisha. Akakumbatia mto, akakohoa huku akilia, akatema makohozi mazito. Kipimo cha kidoleni kikaanza kupanda.

"Hivyo hivyo, Bibi!" Vaihere alisema. "Toa hivyo hivyo kila mara!"

Kisha mluzi ukasikika tena, hafifu, kutoka chini ya kitanda.

Vaihere aliinama, akachungulia. Palikuwa na ndara za Turia tu. Akanitazama. Midomo yangu ilikuwa imefungwa.

Turia hakufumbua macho. Alivuta hewa kwa pua, akainua kidole kimoja, viwili, vitatu, akaitoa.

"Mwambie Maro asubiri," akaniambia. "Zimebaki pumzi tisa."