Bi Faudhia na Kibali Kilichobaki Kwenye Pindo la Kanga

Hapa Naipingo, Nachingwea, hakuna anayebishana na Bi Faudhia. Si kwamba ana haki kila mara, ila yeye hana haraka na wewe una shughuli zako. Ni mjane wa miaka hamsini na tisa, mwenye ekari nne za mikorosho na sauti inayofika kijiji cha pili bila vocha.

Mwezi wa sita mjukuu wake Raudha alikuwa ndani, anafundwa, na kungwi wake ni Bi Faudhia. Jumamosi mwali angetolewa mbele ya watu. Kwetu, anayemshika mwali mkono siku hiyo ndiye kungwi wake maisha yote. Ukichelewa akashika mwingine, imekula kwako. Na huyo mwingine alikuwepo: Zena, bibi wa upande wa baba, ambaye gauni la shughuli alishalishonesha.

Jumapili iliyotangulia Bi Faudhia akatangaza anakwenda Msumbiji kumsalimia shoga yake Tabitha, aliyekuwa jirani yetu miaka mingi kabla ya kurudi kwao.

"Mama, na Jumamosi?" akauliza mwanawe Mustafa.

"Kufunda nimemaliza, kimebaki kucheza. Msumbiji ni hapo tu, unavuka daraja. Alhamisi nipo hapa nakula ugali wako."

Huko alistarehe. Asubuhi walichambua mbaazi, jioni redio ikasema Kireno, Bi Faudhia akaijibu Kimwera, na hakuna aliyelalamika.

Alhamisi wakaagana kishoga: kila mmoja akavua kanga aliyojitanda akampa mwenzake. Bi Faudhia akapanda bodaboda hadi darajani, akaingiza mkono pindoni kutoa kibali cha kuvukia. Pindo tupu. Kibali alikuwa amekifunga kwenye ile kanga aliyoivua.

"Mama, kibali," akasema askari wa upande ule, kijana wa Kimakonde.

"Kipo kwa Tabitha. Mtani wangu, nipishe nikamtoe mwali, nitakuletea panya wa kuchoma."

"Wa Nachingwea wamekonda, mtani. Mmewamaliza wenyewe."

Wakacheka wote wawili mpaka machozi. Bi Faudhia akainua mguu apite. Kijana akanyoosha mkono. "Utani tumemaliza, mama. Sasa karatasi."

Akapanda bodaboda kurudi alikotoka. Huko akakuta mlango umerudishiwa, ndani hamna mtu, na mzee Jonasi wa nyumba ya pili akicheka peke yake.

"Tabitha kakufuata darajani na kanga yako. Kapita njia ya mkato, kwa baiskeli."

Simu ya Tabitha ilikuwa imezimika chaji tangu Jumanne. Basi mgeni akalala kwa mwenyeji, mwenyeji akalala darajani, Ijumaa wakangojana mchana kutwa, na walikutana jioni, katikati ya njia, kila mmoja akimwambia mwenzake, "Si ungekaa ulipo!"

Bi Faudhia alivuka jua linazama, akakuta gari la mwisho la Masasi limeshaondoka. Akampigia Mustafa kwa simu ya muuza chai.

"Mwambieni Zena asiguse mtu."

"Mama, wageni wamefika hadi kutoka Ruangwa. Wazee wanasema saa nne mwali anatoka, uwepo usiwepo."

Saa nne na nusu Jumamosi bodaboda ikaingia uwanjani. Ngoma ilikuwa imekolea, mwali yuko mlangoni amefunikwa, na mkono wake wa kulia umo mikononi mwa Zena. Bi Faudhia akashuka na vumbi lake lote, na kanga ya Tabitha begani. Ngoma zikapungua zenyewe. Watu walikuwa wanasubiri vita.

"Umechelewa, Faudhia," akasema Zena. "Nimeshashika."

Bi Faudhia akamtazama, akautazama ule mkono. Mpiga ngoma mmoja alipata nafasi ya kunywa maji.

"Umeshika, sikunyang'anyi. Niliyekwenda kutembea ni mimi." Akazunguka upande wa pili. "Lakini huyu mtoto Mungu kampa mkono wa kushoto pia."

Akaushika. Wazee wakatazamana, hakuna aliyekumbuka kama inaruhusiwa, na kabla hawajakumbuka vigelegele vikawa vimeshapigwa. Raudha akatoka kati ya bibi wawili.

Sasa ana makungwi wawili, maskini. Zena akimwita akatwange, Bi Faudhia naye anamwita akachote maji, na kukataa hawezi, si huku wala huku. Juzi nilimkuta njiani na ndoo kichwani, ananiuliza kama daraja liko wazi.